Alianza na kabati la chini ya sinki

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ukiwa na pesa kidogo ya kuirekebisha nyumba kabla ya kuiuza, utaitia wapi ili ikurudie? Najua wengi watajibu jikoni. Zamani hata mimi ningejibu hivyo, na jibu hilo liliwahi kunitoboa mfuko.

Nilipotaka kuuza nyumba yangu ya kwanza nilibomoa jiko lote. Nikaweka makabati mapya mpaka darini, meza ya granaiti, taa za kuning'inia. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mzee mmoja mpole, asiye na maneno mengi. Granaiti hakuigusa. Alichuchumaa, akafungua kabati la chini ya sinki, akamulika kwa simu, akapitisha kidole kwenye kiungo cha bomba, kisha akanusa. Akaenda chumba cha nyuma, akaweka kiganja ukutani karibu na sakafu na kukiacha hapo kidogo.

"Mwanangu, ukuta huu mmeupaka rangi lini?"

Niliupaka wiki mbili kabla. Huo tu, zile kuta nyingine tatu zilibaki na rangi ya zamani. Nikababaika.

Bei aliyonitajia ilikuwa chini sana, na sababu hakuificha. Hajui maji yanatokea wapi, kwa hiyo amepiga hesabu ya hali mbaya kuliko zote. Hapo ndipo nilipomwelewa mnunuzi. Kasoro ambayo fundi anaimaliza kwa siku mbili, yeye anaiona kama msingi umeoza, na anachokata kwenye bei ni ile hofu yake. Granaiti ingependwa hata mara mbili zaidi, isingeziba pengo hilo. Kwa hiyo jibu langu: pesa yako ya kwanza ifuate maji.

Ukuta ule niliuharibu kwa kutaka njia ya mkato. Fundi wa kwanza aliniambia nikwangue nipake rangi ya mafuta. Haikuchukua muda ikaanza kutoa malengelenge, maana unyevu ulikuwa bado umo ndani na rangi ile imeufungia mlango wa kutokea. Fundi wa pili ukuta hakuutazama hata kidogo, alitoka nje moja kwa moja. Gata lilikuwa limeziba kwa majani, maji yakimwagika ukutani kila mvua inaponyesha. Na bustani yangu niliyojivunia, udongo wake ulikuwa umepanda hadi juu ya lile tabaka la kuzuia unyevu linalolazwa juu ya msingi. Kumbe nilikuwa naumwagilia ukuta pamoja na maua!

Dawa ilikuwa ngazi na koleo. Tulizibua gata, tukashusha udongo, tukaipa ardhi mteremko wa kuondoa maji ukutani. Kipimo alichotumia fundi ni mshuko wa kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Kisha tukasubiri, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Ukuta ulioloa haukauki kwa wiki moja, na plasta mpya inahitaji kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Ukiupaka mapema, unga mweupe wa chumvi utajitokeza tena, na mnunuzi anayejua mambo akiuona tu anaijua habari nzima. Jambo jingine alilonifundisha: unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki sana kimo cha mita moja. Doa likiwa karibu na dari, usihangaike na msingi, panda juu ukaangalie paa au bomba.

Sisemi jiko liachwe. Kuna ripoti ya Marekani iitwayo Cost vs. Value, inayolinganisha gharama ya ukarabati na kinachorudi nyumba ikiuzwa. Ile ya 2024 ilikadiria kuwa ukarabati mdogo wa jiko hurudisha takriban asilimia 96 ya gharama, ilhali ule mkubwa wa kifahari hurudisha takriban 38 tu. Mlango wa gereji na mlango wa mbele wa chuma ndivyo vilivyoongoza, vikirudisha zaidi ya kilichotumika. Hayo ni makadirio ya soko lao, lakini hayanishangazi. Maboksi ya kabati yakiwa mazima, badilisha milango yake, vishikio na bomba la sinki, basi. Ladha ya kifahari ni ya mtu binafsi. Anayekuja huenda akaing'oa yote. Na nyumba ikishazidi sana bei ya jirani zake, mwenye pesa hiyo atakwenda kuitumia kwenye mtaa mwingine.

Bafuni ni kusafisha na kuziba. Silikoni iliyoota weusi ikwanguliwe yote kwanza, kwa sababu mpya haishiki juu ya kuukuu. Feni ya kutolea mvuke itoe nje ya nyumba kweli kweli, isiishie kupumulia darini. Soketi zinazocheza, taa zisizowaka, mlango unaokwama: hizo ni kazi za Jumamosi moja, sina la kuongeza.

Lisilosemwa sana ni karatasi. Chumba ulichoongeza bila kibali wewe unakihesabu kuwa chumba, lakini mwanasheria wa mnunuzi atakihesabu kuwa tatizo. Weka risiti, weka kibali, na fundi akichimba ukuta kupitisha bomba au waya, piga picha kabla ya plasta kufunika. Mnunuzi wangu wa pili nilimwonyesha picha za gata na ule mteremko, akazitazama moja moja kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jiko. Kiganja ukutani aliweka pia, nadhani wote wana mwalimu mmoja. Yeye tuliafikiana karibu na bei niliyoitaka.

Sasa ni zamu ya mdogo wangu, anayetaka kuuza yake ya vyumba vitatu. Anasema atavunja ukuta mmoja ili sebule iwe kubwa. Nimemwambia watu wakitafuta nyumba huanza kwa kuuliza vyumba vingapi, kwa hiyo akishabakiwa na viwili, wenye watoto wengi hawatafika hata mlangoni kuiona hiyo sebule. Tena hajui kama ukuta wenyewe umebeba paa, na hilo si la kukisia, aite mhandisi. Ananijibu, "Dada, wewe unapenda kutisha watu." Jana nilipita kwake, nikafungua kabati la chini ya sinki. Kuna ndoo ndani, na ina maji nusu. Vigae vya sebule mpya ameshanunua, viko barazani ndani ya maboksi yake.