Tukitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, nani atalipa pale Horohoro?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi nafanya biashara ya machungwa, nanunua Muheza na kuvusha Horohoro kwenda Mombasa. Kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, kuna ubishi hauishi. Wapo wanaosema Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya na mpaka leo ipo, basi na sisi tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki tupange ushuru wetu wenyewe, maana Wakenya wanatubania. Wengine wanadai tukitoka hata bomba la mafuta la Chongoleani litakwama. Wewe umeshughulika na mambo ya forodha miaka mingi. Nchi ikitoka kwenye umoja, inafaidika au inaumia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na mzigo wako, kwa sababu ubishi huu ukianzia kwenye bendera haufiki popote.

Leo ukifika Horohoro na fuso la machungwa ya Shilingi milioni 4, unajaza cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani cha kuthibitisha mzigo umetoka nchi mwanachama, kile cha mizigo isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, na Kenya haikutozi ushuru wa forodha. Ada za ukaguzi wa afya ya mimea na tozo nyingine zinabaki, lakini ushuru wenyewe ni sifuri. Hiyo ndiyo maana ya umoja wa forodha tulioingia 2005. Mazao ya nchi mwanachama hayahesabiwi kuwa ya kigeni.

Siku Tanzania itakapokuwa nje, na hakuna mkataba mwingine mezani, chungwa la Muheza linakuwa la kigeni. Ushuru wa pamoja ambao Jumuiya inazitoza bidhaa za nje una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Matunda yamo kwenye ngazi za juu. Kwa fuso lako la milioni 4, asilimia 25 ni milioni 1, na asilimia 35 ni milioni 1 na laki 4. Wewe unajua faida ya fuso moja ni kiasi gani. Tena Misri iko COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, pamoja na Kenya, na sisi hatumo. Machungwa ya Misri, yanayopita bahari nzima, yatafika Mombasa kwa masharti nafuu kuliko yako yanayotoka jirani. Kuna Eneo Huru la Biashara la Afrika, ni kweli, lakini punguzo lake la ushuru linakwenda kwa hatua za miaka, wala halikuandikwa kuchukua nafasi ya umoja wa forodha siku umoja huo unapovunjika.

Hapo nimekujibu wewe kama mfanyabiashara. Swali lako la nchi ni pana zaidi, na bahati ni kwamba hatuhitaji kwenda Uingereza kulijibu. Tanzania imeshatoka kwenye umoja mara mbili, na mara hizo mbili hazikufanana hata kidogo.

Mara ya kwanza ilikuwa 1977, Jumuiya ya zamani ilipovunjika. Wazee wa Tanga wanaikumbuka vizuri. Jumuiya ile, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ilikuwa imeshika mambo mazito kuliko hii ya leo: reli moja yenye makao makuu Nairobi, bandari zetu pamoja na hii ya Tanga chini ya shirika moja lililokaa Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ndege za shirika moja. Ilipokufa, kila nchi ikalazimika kujiundia vyake kwa haraka. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Fikiria maana ya jambo hilo kwa Wadigo wa Jasini na Moa, ambao shangazi yuko upande huu na mjomba yuko Vanga. Kugawana mali na madeni kulimchukua msuluhishi Victor Umbricht miaka, hadi makubaliano ya 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wafanyakazi waliotumikia Jumuiya hiyo wakadai mafao yao miongo kadhaa. Wengi walifariki wakiwa bado wanafuatilia, na mimi hili linaniuma kila nikisikia mtu akisema tutoke tu, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Kuna mtu anayebaki kwenye foleni na jalada lake kwapani.

Mara ya pili ilikuwa 2000, tulipotoka COMESA. Nadhani vijana wengi wa kijiweni kwako hawajui hata kama tuliwahi kuwamo. Sababu za serikali zilikuwa mbili kubwa: tulikuwa kwenye jumuiya nyingi mno kwa wakati mmoja, na COMESA ilikuwa inaingia kwenye eneo huru la biashara ambalo lingepunguza mapato ya forodha. Kilichofanya kutoka kule kusitutikise ni kwamba tulikuwa tayari SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulishasainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Tulitoka mlango mmoja tukiwa tumeshaingia mwingine. Gharama ipo, na ndiyo hiyo ya machungwa ya Misri niliyokutajia, lakini hakukuwa na mpaka uliofungwa wala reli iliyokatwa.

Kipimo changu, baada ya kuyaona hayo, ni hiki. Nchi inaweza kufaidika kwa kutoka pale mambo mawili yanapokutana: kinachoibana kweli kinatoka kwenye umoja wenyewe, na kitakachochukua nafasi ya umoja kimeshakuwa tayari kabla ya kutoka. Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, ilitimiza yote mawili ilipotoka Jumuiya ya Ulaya. Ni watu wachache wanaoishi kwa samaki, na sera ya uvuvi ya Ulaya ilikuwa inagusa bahari yao moja kwa moja. Walitoka 1985 wakiwa wamekubaliana kuendelea kuuza samaki Ulaya, na Ulaya nayo ikalipia haki ya kuvua kwao.

Uingereza ndiyo ngumu. Walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka, lakini hakuna aliyewauliza watoke waende wapi. Wakatoka rasmi Januari 2020, na mkataba wa biashara na Ulaya ukasainiwa siku moja kabla ya kipindi cha mpito kwisha. Mkataba huo umeondoa ushuru, lakini haukuondoa karatasi: matamko ya forodha, vyeti vya uasili, ukaguzi wa nyama na mimea. Ofisi huru ya Uingereza inayokadiria bajeti imeweka hesabu kwamba tija ya uchumi wao, kwa muda mrefu, itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, ikabidi iendelee kufuata kanuni nyingi za bidhaa za Ulaya ili mpaka wa nchi kavu na Ireland usirudi kuwa na vizuizi. Wenzako wanaoisifu Uingereza waulize habari za mpaka huo, kwa sababu ndio unaofanana na Horohoro.

Haki itendeke pia. Uingereza ilipata kitu. Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru kwa dunia nzima, Uingereza iliwekewa asilimia 10 na Umoja wa Ulaya 20, ambayo baadaye ilitua kwenye 15. Wamejiunga na mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki, wamesaini na Australia. Na wapo Waingereza wanaosema kutunga sheria zao wenyewe kuna thamani hata kama kunagharimu fedha. Hoja hiyo siidharau. Mtu akiniambia yuko tayari kulipa kwa ajili ya uhuru, namheshimu. Ninachokataa ni kuambiwa uhuru huo ni wa bure.

Sasa tupime sisi kwa kipimo hicho hicho. Je, kinachotubana kinatoka kwenye Jumuiya? Kijiweni mnasema tupange ushuru wetu wenyewe. Kila mwaka, wakati wa bajeti ya Juni, nchi wanachama zinaombeana ruhusa ya kutoza kiwango tofauti na kile cha pamoja kwa bidhaa fulani, na ruhusa hizo zinatangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Tanzania inazitumia sana. Julai 2025 serikali yetu ilizuia wageni kufanya biashara za aina 15, ikiwemo kununua mazao shambani, tukiwa wanachama. Kenya ililalamika, na maelewano yakatafutwa kwa mazungumzo. Amri hiyo ina ubishi wake kisheria, maana Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 inatoa haki ya kufungua biashara, lakini inakuonyesha kwamba kamba tuliyofungwa nayo ni ndefu kuliko inavyosemwa.

Na hao Wakenya wanaokubania? Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Kizuizi kiliondolewa kwa masharti ndani ya siku chache, na Mei mwaka huo Rais Samia alikwenda Nairobi kuzungumza biashara. Kubaniwa kule kulikuwa ni kuvunja moyo wa mkataba, na mkataba ndio uliotupa pa kushika. Tukiwa nje, Kenya ingefanya vilevile na sisi tungebaki na barua ya kuomba.

Kuhusu bomba, wenzako hao nao wamekosea, ila kwa upande mwingine. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga halisimami juu ya mkataba wa Jumuiya. Linasimama juu ya makubaliano ya serikali mbili, Uganda na Tanzania, ya Mei 2017, na mikataba ya wawekezaji iliyofuata. Tukitoka Jumuiya leo, bomba linabaki kisheria. Lakini bandari yetu ni habari nyingine. Serikali imechimba kina hadi mita 13 na kujenga gati za mita 450 ili Tanga ihudumie pia mizigo ya Uganda, Rwanda na Burundi. Mizigo hiyo inavutwa na himaya moja ya forodha, ambapo mwenye mzigo analipa kodi kwao kabla haujatoka bandarini. Tukijitoa, wenye mizigo hiyo watakuwa na sababu moja zaidi ya kupitia Mombasa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba Tanzania ingeumia, na Tanga ingeumia kabla ya Dodoma kusikia. Na hata wakitaka, si jambo la tamko la usiku mmoja: Ibara ya 145 ya Mkataba inadai azimio la theluthi mbili ya wabunge wote na notisi ya maandishi ya miezi 12, na madeni ya uanachama hayafutiki.

Lako wewe ni jepesi zaidi. Ukizuiliwa Horohoro au Lunga Lunga upande wa Kenya, omba sababu kwa maandishi, andika tarehe na jina la ofisi, kisha peleka malalamiko kwa kamati ya taifa inayofuatilia vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru. Ipo sheria ya Jumuiya ya 2017 kwa ajili hiyo. Wakikupuuza, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaruhusiwa kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mradi asipitishe miezi 2 tangu kitendo kilipofanyika au alipokijua.