Ule mnara wa mbele ya Beit al-Ajaib ulienda wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri, nimeona picha ya zamani ya Forodhani pale Unguja, mbele ya Beit al-Ajaib (lile Jumba la Maajabu la Sultani) kuna mnara mrefu umesimama peke yake, mbona sikuhizi haupo? Ulikuwa wa msikiti au? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, huo ulikuwa mnara wa taa wa kuongozea vyombo bandarini, na taa zenyewe zilipangwa safu juu ya safu mpaka mabaharia wa Kiingereza wakaubatiza mti wa Krismasi wa Sultani! Beit al-Ajaib yenyewe ilijengwa na Sultani Sayyid Barghash 1883, kwa hiyo picha yako ni ya miaka ya mwanzo mwanzo hiyo.

Sasa kilichoumaliza ni vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, kakataa kutoka kasri, saa tatu asubuhi manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga, haikufika hata saa nzima, watu kama 500 wa upande wa Khalid wakafa na kujeruhiwa, Beit al-Hukm, kasri la jirani, ikabomoka na mnara ukaharibika vibaya sana. Inaniuma kila nikifikiria.

1897 hawakuurudisha pale, wakajenga mnara wa saa ulioungana na Beit al-Ajaib kwa mbele, ndo ule tuliouzoea sote, nao ukaja kuporomoka Desemba 25, 2020 jengo lilipoanguka upande mmoja, wakafa watu wawili.