Kikombe kinachocheza ndani ya fremu ya Kiitaliano: je, thredi zimekwisha?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kaka yangu anayeishi Bologna alinitumia fremu ya chuma ya baiskeli ya mashindano ya Kiitaliano, ya miaka ya 1980, yenye kibandiko cha Columbus (watengenezaji wa mabomba ya fremu), pamoja na krenki zake (mikono inayoshika pedali) za Campagnolo. Hapa nimenunua ekseli mpya ya kati, ile iliyofungwa pamoja na beringi zake, na gurudumu la nyuma la gia 10. Ekseli inaingia lakini inacheza, na fundi wangu anasema thredi za fremu zimekwisha, kwa hiyo anataka kuchomelea bushi (pete ya chuma) ndani kisha achonge thredi mpya. Gurudumu nalo linabana, haliingii vizuri. Nifanyeje? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu yangu, kama fremu bado iko kwa fundi huyo, nenda ukaichukue leo. Maelezo yako yanaonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa thredi zake ni nzima kabisa, na kwamba kilichokosewa ni ekseli uliyonunua. Katika kazi hii hakuna kauli inayonichosha kama hiyo ya "thredi zimekwisha", kwa sababu mara nyingi anayeitamka hajapima chochote: amejaribu kikombe alichokuwa nacho mkononi (kile kipande chenye thredi kinachoishika ekseli ndani ya fremu), kikacheza, naye akaihukumu fremu badala ya kukihukumu kikombe.

Ekseli ya kati inayopatikana kwa urahisi madukani ni ya kipimo cha Kiingereza, yaani kipenyo cha inchi 1.37, ambayo ni karibu milimita 34.8, thredi 24 kwa kila inchi, na hufungwa kwenye bomba la fremu lenye upana wa milimita 68. Watengenezaji wengi wa Italia walishikilia kipimo chao wenyewe: kipenyo cha milimita 36, thredi hizohizo 24 kwa inchi, na upana wa milimita 70. Kwa kuwa kikombe cha Kiingereza ni chembamba kwa zaidi ya milimita moja, kinapita ndani ya bomba la Kiitaliano karibu bila kushika kitu. Hali hiyo ndiyo uliyoieleza. Si kila fremu yenye jina la Kiitaliano ina kipimo hicho, kwa maana nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya masoko ya nje, na ndiyo sababu venia, kifaa cha kupimia vipenyo, inatakiwa kutangulia spana. Pima upana wa bomba, kisha pima kipenyo cha ndani: la Kiitaliano hukaribia milimita 35, la Kiingereza hukaribia 34. Soma pia ubavu wa kikombe ulichonunua, kwa sababu mara nyingi kipimo kimechorwa hapo, na ukikuta 1.37 x 24 basi umepata jibu lako bila kumlipa mtu.

Jambo la pili ambalo mafundi waliozoea baiskeli za kawaida hulikosea ni mwelekeo wa kukaza. Kwenye kipimo cha Kiingereza, kikombe cha upande wa mnyororo kina thredi za kushoto, hivyo hukazwa kinyume cha mishale ya saa. Kwenye kipimo cha Kiitaliano pande zote mbili ni thredi za kulia. Fundi asiyelijua hili huzungusha kikombe upande usio wake, huona kinagoma, kisha huongeza urefu wa spana hadi thredi zipandane. Hapo kweli zimekwisha, lakini yeye ndiye aliyezimaliza. Hata ukifunga ekseli iliyo sahihi, ujue kwamba upigaji wa pedali huelekea kukilegeza kikombe cha upande wa mnyororo kidogo kidogo, na huo ni udhaifu wa kipimo chenyewe wala si dalili ya uchakavu. Safisha thredi zote kwa petroli, tia gundi ya kuzuia skrubu kulegea upande huo, na ukikaze kwa nguvu ya kutosha.

Sasa nije kwenye hiyo bushi. Kipimo cha Kiitaliano ndicho kikubwa zaidi kati ya vipimo vya kawaida vya thredi za ekseli ya kati vya enzi hizo. Fremu ya Kiingereza iliyoharibika inaweza kupanuliwa na kuchongwa thredi za Kiitaliano, na mafundi wa fremu hufanya hivyo kuiokoa. Kinyume chake hakiwezekani, kwa sababu huwezi kuchonga thredi nyembamba mahali ambapo chuma kimeshaondolewa. Fundi wako anataka kukirudisha chuma hicho kwa moto, na humo ndimo hatari ilimo. Fremu hizi hazikuchomelewa. Mabomba yake yaliunganishwa ndani ya vishikio (soketi za chuma kwenye maungio) kwa shaba au fedha, madini ya kuungia yanayoyeyuka chini ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, wakati chuma chenyewe huhitaji karibu 1,500. Moto wa kuchomelea ukiwashwa ndani ya bomba la kati unaweza kulegeza maungio ya mabomba yote yanayokutana hapo na kulipinda bomba lenyewe, pande zake mbili zisiwe tena kwenye mstari mmoja. Kama mabomba yako ni ya aina ya Columbus SL, unene wake sehemu ya katikati ni milimita 0.6 tu. Hilo si bomba la geti.

Gurudumu ni suala jepesi zaidi. Fremu za gia 6 au 7 zilikuwa na nafasi ya milimita 126 nyuma, na habu (kitovu cha gurudumu) ya gia 10 inahitaji 130, kwa hiyo unahitaji milimita 2 kila upande. Chuma kinaruhusu kupanuliwa hivyo kikiwa baridi, pande zote mbili kwa usawa, mradi baadaye miguu ya fremu, yaani ncha zinazoshika gurudumu, inyooshwe iwe sambamba na kishikio cha kibadilisha gia kikaguliwe. Kabla ya kupanua weka sumaku kwenye bomba. Isiponata, acha mara moja, kwa kuwa alumini haipanuliwi namna hiyo.

Kuhusu krenki za Campagnolo, zisafishe kisha uchunguze kwa kioo cha kukuza pale mkono unapokutana na matawi ya gurudumu la meno, kwani krenki za enzi hiyo zinajulikana kupata nyufa hapo. Ufa hata uwe mdogo kama unywele, krenki hiyo ni ya kuning'inizwa ukutani. Zikiwa nzima, bado ekseli nyingi mpya zina ncha za mraba za kipimo cha Kijapani, na krenki ya Kiitaliano ikivikwa hapo hukaa nje zaidi kwa takriban milimita 4.5 kuliko kwenye ekseli yake ya urefu uleule. Mnyororo utakwenda upande upande, na utamlaumu muuza gia bure.

Ninachokiogopa zaidi katika kuchanganya vifaa vya zamani na vipya ni ile imani kwamba kitu kikishaingia, kinafaa. Imani hiyo ndiyo inayowafanya watu wapige msasa nguzo ya kiti mpaka ishuke, au wakate kopo la soda wajaze pengo kati ya usukani wa milimita 26.0 na shingo ya kushikia usukani ya Cinelli ya enzi hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya 26.4. Mwenye kopo la soda hujisifu kwamba ameokoa pesa, na usukani hukaa kimya hadi siku unapovuta kwa mikono miwili ukiwa umesimama juu ya pedali. Fundi anayejibu kila tofauti ya kipimo kwa nyundo, msasa au moto hakarabati baiskeli, anaficha tatizo chini ya rangi mpya, na rangi mpya ndiyo inayowauzia watu fremu mbovu.

Ukipima ukakuta fremu ni ya Kiitaliano na thredi zake kweli zimeliwa, zipo ekseli zisizotumia thredi, ambazo vikombe vyake hukazana vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya bomba, nazo hazihitaji moto wowote. La sivyo, mwombe kaka yako aingie duka la baiskeli hukohuko Bologna na umwandikie haya: thredi 36 x 24, bomba la milimita 70, ncha za mraba za kipimo cha Campagnolo si cha Kijapani, na urefu unaolingana na ekseli ya zamani kama bado anayo.