Kabla hujailaumu mashine pepe

Kila kundi jipya likiingia kwenye chumba chetu cha kompyuta hapa Chake Chake, hazipiti siku mbili kabla sijaitwa: "Maalim, Ubuntu inakataa kuingia." Ubuntu ni mfumo endeshi, nasi tunausakinisha ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ambayo programu ya VirtualBox huiendesha ndani ya Windows. Nikiuliza imeandika nini ilipokwama, kimya. Dirisha limeshafungwa, mtu kaanza upya. Tafadhalini, msilifunge. Lipige picha kwa simu hata kama maandishi yake huyaelewi.

Mimi faili bovu la ISO, lile linalobeba Ubuntu nzima ya kusakinisha, lilinila siku mbili. Nililipata kwa mwenzangu kwenye flashi, maana Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6 na bando nalo lina bei yake. Kazi ilikuwa ikifika katikati inakufa, kila mara pahala tofauti. Nikaongeza RAM, nikabadilisha diski, nikaifuta VirtualBox na kuirudisha. Kumbe ISO yenyewe ndiyo iliyoharibika. Sasa, kabla ya lolote, nafungua dirisha la amri la Windows naandika certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256, kisha nalinganisha msururu wa herufi na tarakimu unaotoka, ambao ni kama alama ya kidole ya faili, na ule uliowekwa kwenye tovuti ya Ubuntu. Herufi moja ikipishana, nalitupa. Na flashi ya FAT32 msihangaike nayo, haipokei faili linalozidi GB 4.

VirtualBox ikikuonyesha mifumo ya biti 32 tu, na Ubuntu yako ni ya biti 64, kosa si la ISO. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, uangalie upande wa prosesa (CPU): pameandikwa kama uwezo wa kuendesha mashine pepe umewashwa. Ukiwa umezimwa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, laptopu inapoanza kuwaka, kwa F2, F10 au Delete kutegemea aliyeitengeneza, utafute VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD, uuwashe.

Kuna na kobe. Ukiona alama ya kobe wa kijani chini kulia mwa dirisha la mashine pepe, jua Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya kuendesha mashine pepe, imeshaishika prosesa na VirtualBox inapitia mgongoni mwake. Mwendo wake ni wa wale kobe wa kisiwa cha Changuu. Mara nyingine mashine huganda kabisa. Hyper-V huzimika, lakini baadhi ya kinga za Windows 11 zinaitegemea, kwa hiyo kwenye laptopu ya kazini uliza kwanza.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mgeni, yaani mashine pepe, akipewa RAM yote, mwenyeji, yaani laptopu yenyewe, anazimia. Laptopu ya GB 8 mpe 4, basi. Diski nayo ina hila: unaandika GB 25, lakini ile inayokua kidogo kidogo hula nafasi halisi ya mwenyeji. Ukibakiwa na GB 10, usakinishaji utasimama njiani na mgeni atadhani nafasi bado ipo tele.

Umeme wetu Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hukatika bila hodi. Chaji betri kwanza. Ukikatika katikati na laptopu ikazima, usijaribu kutibu, futa ile diski pepe uanze na mpya.

Juzi kijana kanipigia saa tano usiku: kamaliza, kawasha tena, na skrini ya kusakinisha imerudi vile vile. Mara ya tatu hiyo. Nikamwambia aitoe ISO kwenye kisomeo cha diski cha mashine pepe, maana bado ilikuwa ikianzia hapo.

"Ndo hiyo tu, Maalim?"

Ndo hiyo tu.