Nguzo iko mita 20 na wazee bado wanawasha tochi: fanya hivi

Mkuu, umeuliza kwa nini wazee wako kule Bahi, Dodoma, bado wanatumia tochi wakati nguzo iko mita 20 tu, na kama uwanunulie sola au uvute umeme. Vuta umeme.

Anza na hesabu. Simu yenye betri ya mAh 4,000 hula kama wati-saa (Wh) 20 mpaka ijae, na uniti ni Wh 1,000, kwa hiyo uniti moja inachaji simu 50. Kwenye kibanda cha kuchajia wakitozwa shilingi 300 kwa simu, maana yake uniti wanainunua 15,000! Mteja wa D1, kundi la bei la watumiaji wadogo wa nyumbani, anaipata kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Asiye nacho ndiye anayelipa bei kubwa kupita wote, na hili linaniuma sana.

Kuunganishwa kijijini ni 27,000 kwa umeme wa njia moja (fezi moja), ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Kinachokwamisha ni wayaringi, yaani gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Mshahara wa mjini huingia kila mwezi, ila hela ya mtama na alizeti huja mara moja baada ya mavuno, na ikifika Februari haipo. Hapo ndipo mchango wako unahitajika.

Nyumba ikiwa ya vyumba viwili vitatu, ulizia UMETA, kibao kinachokuja na soketi, swichi na kikata umeme tayari. Kama ni tembe, nyumba ya paa la udongo, usikubali fundi apitishe waya kwenye udongo wa paa, maana mvua huvujia humo na mchwa hawakosi. Nyaya zishuke ukutani ndani ya bomba la plastiki: za milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi.

Pa kusimamia mwenyewe ni ethi, njia inayopeleka umeme uliovuja ardhini. Udongo wa Dodoma ukikauka haupitishi umeme vizuri, hivyo ethi iliyopimwa safi Machi inaweza isifae Septemba, na pasi ikiwa na hitilafu mtu anarushwa. Fimbo ya shaba ya mita 1.5 izame yote karibu na bafu, maji yanakomwagika, kisha ipimwe tena kiangazi. Ongeza swichi inayokata umeme unaovuja, ya mA 30. Mafundi wengi huiruka ili bei ishuke.

Taa nne za LED za wati 7 kwa saa tano, redio na simu tatu: kama uniti 8 kwa mwezi. Hakikisha tu wamewekwa D1.