Mota kubwa za roketi: usinunue kwa herufi

Vijana wa huku Kampala wananiuliza sana, "ssebo, tuchukue mota ya K ama twende moja kwa moja L?" na mi huwa nauliza kwanza, roketi yenu ina kilo ngapi mota ikiwa tayari ndani? Hapo wengi wananyamaza.

Huu mchezo niliujulia Marekani nikisoma, nikapata cheti cha Tripoli, chama cha warusha roketi, cha ngazi ya kwanza (hiyo ni mota za H na I) alafu ya pili (J mpaka L). Ya tatu, yani M kupanda, sijagusa na sina haraka. Herufi inakwambia tu nguvu yote iliyoko ndani ya mota, na kila herufi ikipanda kiwango kinajirudia mara mbili, J inaishia newtoni-sekunde 1280, K inaishia 2560. Haikwambii hiyo nguvu inatoka kwa kasi gani. Hiyo iko kwa namba inayofuata herufi, ndio wastani wa msukumo kwa newtoni, na mi naanza kusoma hapo.

Chukua J350 na J90 za kampuni ya AeroTech. Zote J, nguvu jumla karibu sawa, zote kama 700. Sasa weka kwa roketi ya kilo 6, uzito wake ni kama newtoni 59. J350 inasukuma karibu mara sita ya uzito, inawaka sekunde kama 2 imeisha, na kwa reli ya kurushia ya mita 2.5 roketi inatoka na kama mita 15 kwa sekunde, mapezi yanashika upepo vizuri inaenda wima. J90 hapo ni kama boda aliyepakia magunia matatu ya matooke anapanda kilima cha Kololo, itatoka kwa reli na mita 5 hivi kwa sekunde na upepo kidogo tu unaigeuza. Niliona kwa jamaa mmoja kule jangwani, mota ya kuwaka polepole, roketi nzito, ikapanda taratibu ukadhani lifti, ikageukia upepo ikaenda bapa juu ya magari ya watu, banange, watu walilala chini. J90 sio mbaya, ni ya roketi nyepesi. Kanuni ya kawaida ni msukumo usipungue mara tano ya uzito, na uangalie grafu ya msukumo pale mwanzo manake wastani unaweza kukudanganya.

Kitu kingine watu wanasahau, mota kubwa ni nzito na inakaa mkiani. Ukitoa ya kipenyo cha milimita 38 ukaweka ya 54 kituo cha uzito kinarudi nyuma, na kinatakiwa kiwe mbele ya kituo cha shinikizo la hewa (pale nguvu ya hewa inapokusanyika kwa roketi) angalau kwa upana mmoja wa bodi. Usiamini karatasi, weka mota, parashuti na kila kitu ndani, funga kamba, ining'inize, uone inabalansi wapi. Ikirudi nyuma sana ongeza uzito kwa pua, alafu rudia hesabu ya msukumo coz kilo zimeongezeka.

OpenRocket, programu ya kompyuta ya kukisia roketi itarukaje, ni bure, itumie, lakini badilisha mahali pa kurushia, ukiiachia ilivyo inadhani uko Florida usawa wa bahari. Kampala tuko kama mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, roketi inaenda juu kuliko hiyo namba ya kwanza, na hapo ndipo unajua kama parashuti itakupeleka kijiji cha tatu.

Pia soma mwisho wa jina la mota. Ukiona P, haina baruti ya kutoa parashuti, ni lazima uwe na altimita, yani kifaa cha kupima kimo, ya kuifyatua parashuti, na mi kwa kitu chochote kikubwa naweka mbili zenye betri tofauti.

Zile mota za kumwaga cheche, kama Skidmark za kampuni ya Cesaroni, zinapendeza kwa video lakini usizilete Karamoja mwezi wa kwanza, zile nyasi zikishika moto utaeleza nini kwa wenye ng'ombe?

Na hela yenyewe inaenda kwa kasingi ya alumini, yani ganda la mota, fueli unanunua kila mara ila kasingi unaitumia miaka, so chagua kipenyo kimoja ukae nacho, 38 ama 54. Kuileta fueli huku ni stori ndefu, ni mzigo hatari, usithubutu kuiweka kwa begi la ndege hata kama ni mota moja. Kasingi tupu haina baruti lakini ioshe vizuri kabisa kabla ya safari coz mabaki yanaweza kushikwa pale uwanjani. Ongea na mamlaka ya anga na polisi kabla hujalipa chochote, na ukikosa kibali tafuta klabu ya nje inayokubali wageni, mota ununue kulekule kwa muuzaji wao.