Kwa mnaokuja kupiga "In C" kwa mara ya kwanza

Karatasi ya noti mtakayopewa ni moja tu. Ina vipande vifupi 53, na kila mtu anapewa ileile, awe na filimbi, gitaa au marimba. Terry Riley aliutunga muziki huu Marekani mwaka 1964, na mwezi Novemba mwaka huohuo ukapigwa San Francisco kwa mara ya kwanza. Unaanza kipande cha 1, unakirudia mara nyingi upendavyo, kisha unahamia cha 2, hivyo hivyo mpaka cha 53. Kipande kikikushinda, kiache uendelee.

Mimi nilikosea hapo kwenye "upendavyo". Mara ya kwanza nilikuja na fidla yangu, nimejifungia wiki nzima nikifanya mazoezi, nikadhani kazi ni kufika. Kipande cha 14 ndicho kinacholeta F shapu kwa mara ya kwanza. Wanakwaya wangeiita fe, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua. Nikaivuka, nikaenda zangu hadi vipande vya ishirini na kitu, wenzangu bado wako cha 11. Wao fa, mimi fe, tena kwa sauti kubwa. Fa na fe zikigusana kidogo kundi linapovuka pamoja, muziki unang'aa ajabu. Nilipokuwa peke yangu kule mbele, ilisikika kama nimekosea wimbo. Riley anataka wapigaji wasipishane zaidi ya vipande viwili au vitatu. Ukijikuta mbele, shusha ala, nyamaza, wasubiri wakufikie. Kunyamaza kumo ndani ya muziki huu, na utakuhitaji, maana onyesho huchukua kati ya dakika 45 na saa moja na nusu.

Msimdharau anayegonga do za juu kwenye piano bila kubadilika tangu mwanzo. Wazo hilo alilitoa mtunzi Steve Reich, aliyekuwa mmoja wa wapigaji wa 1964, na bila hiyo do sisi wengine tungesambaratika. Mtegee yeye sikio kabla hujapiga noti yako ya kwanza. Usipomsikia, basi unapiga kwa nguvu mno.

Nyumbani jifunzeni kipande cha 35, kirefu kuliko vyote. Vingine vingi mtavisoma palepale. Na tafuteni rekodi ya "In C" ya wanamuziki wa Bamako, Mali, iliyotoka 2014, yenye kora (ala ya nyuzi) na balafoni (mfano wa marimba). Sijasikia kundi jingine linalopokezana kwa raha namna ile.

Ukifika cha 53, baki hapo mpaka wa mwisho afike. Kisha wote mnapandisha sauti na kuishusha mara kadhaa, na kila mmoja anaacha kwa wakati wake. Safari iliyopita niliacha mapema, fidla ikiwa bado begani, nikawasikia wenzangu wakitoka mmoja mmoja mpaka ikabaki ile do ya piano.